Figo Inapovuja, Damu Inaganda

Mgonjwa wa figo akifa ghafla, msibani jibu huwa liko tayari: maji yalimjaa kifuani. Mara nyingi ni kweli. Lakini yupo mgonjwa wa aina nyingine, pengine bado kijana, aliyevimba uso na miguu kwa wiki kadhaa, akaanzishiwa dawa ya kukojosha, uvimbe ukaanza kupungua na ndugu wakapata matumaini. Kisha asubuhi moja anainuka kwenda msalani, pumzi inamkata, anaanguka. Maji yake yalikuwa yanapungua. Kilichomuua ni bonge la damu lililojijenga mguuni au kwenye mshipa wa figo, likakatika na kusafiri na damu hadi likaziba mishipa ya mapafu.

Kifo cha namna hiyo si bahati mbaya iliyotokea kando ya ugonjwa wa figo. Kinatokana na ugonjwa wenyewe, kwa njia inayoeleweka vizuri na ambayo kwa sehemu kubwa inaweza kupimwa. Tatizo ni kwamba tunazungumzia ugonjwa wa figo kana kwamba ni safari moja: inaanza na presha au kisukari, inaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Katika suala la damu kuganda, mazungumzo hayo yanafunika hali mbili zinazokaribia kupingana. Kuna figo inayovuja, ambayo bado inatoa taka vizuri, kreatinini, kipimo cha taka hizo kwenye damu, inasoma sawa, ila protini za damu zinamwagika kwenye mkojo. Na kuna figo iliyochoka, ambayo haivuji sana lakini haitoi taka tena. Ya kwanza huigeuza damu iwe nyepesi kuganda. Ya pili huifanya ivuje na kuganda kwa wakati mmoja. Dawa inayomfaa mgonjwa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Kwa maoni yangu, makosa mengi ya tiba katika eneo hili huanzia pale hali hizi mbili zinapowekwa kapu moja.

Tuanze na ile inayovuja, kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Kila figo ina vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyokaribia milioni moja. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, karibu zote zikarudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka kama mkojo. Protini hazitakiwi kupita; mtu mzima mwenye afya hupoteza chini ya gramu 0.15 kwa siku. Kuta za vichujio zikiharibika hadi upotevu ukavuka gramu 3.5 kwa siku, albumini, protini kuu ya damu, ikashuka, mwili ukavimba na mafuta ya damu yakapanda, madaktari huiita hali hiyo nefrotiki. Mgonjwa mwenyewe huwa ameiona mapema: mkojo wenye povu kama la sabuni, na kope zilizovimba kila akiamka.

Watu wengi wakisikia protini inavuja hufikiria lishe, na mgonjwa hushauriwa kula mayai na maharage zaidi. Hasara kubwa iko kwingine. Protini za damu hazifanyi kazi moja. Zipo zinazoisukuma damu igande mtu anapojikata, zipo zinazoizuia isigande isipotakiwa, na zipo zinazoyeyusha bonge baada ya kazi yake kuisha. Uhai wetu unategemea mizani kati ya makundi hayo. Sasa angalia uzito wao. Antithrombini, ambayo ni mlinzi mkuu dhidi ya kuganda, ina uzito wa takriban dalton 58,000, mdogo kuliko ule wa albumini, ambao ni kama 66,000. Fibrinojeni, malighafi ambayo bonge lenyewe linafumwa kwayo, inafikia dalton 340,000. Ni kama chekeche lililotanuka matundu: punje ndogo zinapita, kubwa zinabaki. Wazuiaji wanatoka kwa mkojo, wachochezi wanabaki kwenye damu.

Ini nalo linazidisha mambo. Likihisi albumini imepungua, linaongeza uzalishaji, na halina namna ya kuchagua. Linatoa albumini, linatoa mafuta, linatoa fibrinojeni na visababishi vingine vya kuganda, hasa vile vinavyojulikana kwa namba V na VIII. Albumini mpya inavuja kama ile ya zamani. Fibrinojeni mpya haina pa kutokea, inarundikana. Chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda, huwa nyepesi kushikana albumini inaposhuka. Ongeza dawa ya kukojosha inayotolewa kwa pupa: maji yanatoka kwenye mishipa kwa kasi kuliko yanavyorudi kutoka kwenye uvimbe, na damu inazidi kuwa nzito. Ongeza na mgonjwa aliyelala kitandani siku kumi kwa sababu miguu imekuwa mizito. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, ndiye ambaye jina lake linahusishwa na mambo matatu yanayogandisha damu, kutokana na maandishi yake ya mwaka 1856: damu kubadilika, damu kutembea polepole, na ukuta wa mshipa kuumia. Mgonjwa wa nefrotiki aliyelazwa, aliyepewa dawa ya kukojosha nyingi na kuwekewa sindano kwenye mshipa wa kinena, anayo yote matatu.

Kwa nini mabonge hayo hupenda mshipa wa figo wenyewe? Damu inayotoka kwenye vichujio imekwisha kupunguziwa maji, hivyo ni nzito kuliko popote pengine mwilini, na hapo hapo ndipo wazuiaji wa kuganda wametoka kupotea. Pierre Rayer wa Ufaransa aliona mabonge hayo katika wagonjwa wenye protini kwenye mkojo mapema mwaka 1840. Kwa zaidi ya karne moja baada yake waganga walisoma kisa hicho kinyumenyume: waliamini kwamba bonge ndilo lililoziba mshipa, na figo ikaanza kuvuja kwa sababu ya msukumo. Ilichukua hadi miaka ya 1970 na 1980, wagonjwa walipofuatiliwa kwa picha za mishipa, kukubalika kwamba kwa kawaida mambo huenda upande wa pili. Figo huanza kuvuja, bonge hufuata.

Magonjwa yanayoleta nefrotiki ni mengi, na hayalingani kwa hatari ya kugandisha. Linaloongoza ni ugonjwa wa utando wa vichujio, ambao wataalamu huuita membranasi. Katika watu wazima wengi wenye ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia protini moja iliyo kwenye vichujio, na mwaka 2009 watafiti wa Boston waliitambua protini hiyo. Sababu inayoufanya ugandishe damu kuliko magonjwa mengine yenye uvujaji wa kiasi hicho hicho haijafumbuliwa yote. Lakini aina nyingine za membranasi hazitokani na kinga iliyojichanganya yenyewe, na hapa Afrika Mashariki ina historia yake.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima wenye nefrotiki. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, kiwango kilichozidi sana kile cha watu wa kawaida wa mji ule. Baadhi ya walioacha krimu walipona uvujaji. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na ushahidi haujapungua makali: katika miaka ya karibuni madaktari wa India wameeleza wagonjwa wa membranasi waliotumia dawa za asili na krimu zenye zebaki, na ugonjwa wao una alama yake ya kipekee kwenye kipande cha figo kinachotazamwa kwa darubini. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo cha miligramu moja ya zebaki kwa kilo ya vipodozi na kuzitaka nchi wanachama ziondoe bidhaa zinazozidi hapo kufikia 2020. Krimu hizo bado zinauzwa masokoni, nyingine zikiwa na lebo isiyotaja zebaki hata kidogo. Swali la krimu gani unapaka ni swali la figo na la bonge la damu, na daktari asiyemuuliza mwanamke mwenye uso uliovimba ameacha sehemu ya uchunguzi. Mwanamume pia aulizwe. Kinyozi naye hupaka.

Zebaki haiko peke yake. Homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu ni ya kawaida, huleta membranasi, hasa kwa watoto. Lupasi huivujisha figo na mara nyingine huja na kingamwili zake zinazogandisha damu hata figo zikiwa salama, hivyo mgonjwa anakuwa na hatari mbili kwa wakati mmoja. Selimundu huharibu vichujio taratibu huku yenyewe ikigandisha damu kwa njia nyingine kabisa. Na wapo watoto wa Uganda ambao John Kibukamusoke wa Makerere aliandika kitabu kuwahusu mwaka 1973, waliovujisha protini kutokana na aina ya malaria inayopanda kila baada ya siku tatu. Ugonjwa huo sasa ni nadra, ingawa jina lake bado linasomwa vyuoni.

Kama utaratibu wa ugonjwa uko wazi kiasi hiki, kwa nini mabonge haya yanapitwa? Kwa sababu kila dalili yake ina dalili nyingine ya kujificha nyuma yake. Bonge la mguuni kwa mtu wa kawaida huonekana kwa uvimbe wa mguu mmoja. Mgonjwa wa nefrotiki ana miguu yote miwili iliyovimba tayari, na hakuna anayeshangaa ikiongezeka. Kinachotakiwa kutazamwa ni tofauti: mguu mmoja kuupita mwingine, unauma, una joto, au haupungui wakati mwenzake unapungua. Kipimo cha fundi cherehani kinachozungushwa kwenye mashavu ya miguu kila asubuhi wodini hakigharimu kitu, na bado ni nadra kukuta kimeandikwa kwenye faili.

Bonge la mapafu huja kama pumzi kukata, maumivu ya kifua wakati wa kuvuta hewa, mapigo ya moyo kwenda mbio, pengine kukohoa damu. Wodini hali hiyo husomwa kama maji ya mapafu, na mgonjwa huongezewa dawa ya kukojosha, jambo linaloifanya damu iwe nzito zaidi. Au husomwa kama nimonia, akaanzishiwa antibayotiki. Kwa mgonjwa aliyevimba ambaye pumzi inamwishia ghafla, wakati uzito wake unapungua na mapafu yanasikika safi, bonge linapaswa kuwa dhana ya kwanza. Wengi huifikia ya mwisho.

Bonge la mshipa wa figo likija kwa kishindo huleta maumivu ya ubavu na damu kwenye mkojo, na mgonjwa hutibiwa mawe au U.T.I. Likija polepole halileti chochote, isipokuwa protini kuongezeka ghafla au figo kudhoofika bila sababu. Kwa wanaume, mshipa wa figo ya kushoto ukiziba, mishipa ya korodani ya kushoto inaweza kuvimba, kwa kuwa damu yake humwagikia humo. Ni ishara ya kizamani ambayo bado ina kazi mahali ambapo mashine ya picha iko mkoa wa pili.

Watoto wanastahili kutazamwa peke yao. Kwa jumla hupata mabonge kwa uchache kuliko watu wazima, lakini katika uchunguzi wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha watoto 326 wenye nefrotiki, asilimia 9 hivi walipata bonge angalau moja, na waliofikisha miaka 12 ndio walioumia zaidi. Bonge la mtoto linaweza kukaa kwenye mishipa ya ubongo: kichwa kinauma, anatapika, anapata mtukutiko. Katika nyumba zetu hiyo ni degedege, katika zahanati ni malaria kali hadi ithibitike vinginevyo. Na mtoto aliyevimba mara nyingi ameshazungushwa kwingi kabla ya hapo, mara safura, mara utapiamlo, mara mkono wa mtu. Jambo moja ambalo wauguzi wa watoto hufundishwa na lisirukwe: mtoto mwenye nefrotiki asitolewe damu kwenye mshipa mkubwa wa kinena kama upo mwingine, kwa sababu tobo hilo dogo linaweza kuanzisha bonge la mguu mzima.

Sasa tuvuke upande wa pili, kwa figo iliyochoka. Hapa mtu angetarajia hadithi iwe rahisi: sumu zinazobaki mwilini hulemaza chembe sahani, mgonjwa hutoka damu puani, kwenye fizi, tumboni. Ni kweli, na upungufu wa damu huongeza hali hiyo, kwa sababu chembe nyekundu zikiwa chache chembe sahani hazisukumwi ukutani mwa mshipa panapotakiwa. Lakini wakati huo huo uvimbe wa ndani usioisha, visababishi vya kuganda vilivyopanda na mishipa iliyokakamaa huifanya damu igande. Watu wenye figo zilizopungua nguvu kwa kiasi cha kati hadi kikubwa hupata mabonge ya mishipa ya ndani takriban mara moja na nusu hadi mbili zaidi ya wenzao wenye figo nzima. Wanaotumia mashine wako juu zaidi. Kuna mgonjwa anayelazwa kwa kutapika damu mwezi huu na kwa kiharusi mwezi ujao, na hakuna kilichobadilika katika damu yake.

Historia ya mashine yenyewe, kwa kweli, ni historia ya kupambana na kuganda. Damu ikigusa mpira na karatasi nje ya mwili hujifunga. Georg Haas, aliyemsafisha binadamu damu kwa mara ya kwanza huko Giessen, Ujerumani, mwaka 1924, alitumia dutu iliyotolewa kwenye vichwa vya ruba, wale wadudu wanaonyonya damu, kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Ilikuwa chafu na iliwadhuru wagonjwa. Heparini, iliyogunduliwa na Jay McLean mwaka 1916 kwenye ini la mbwa huko Baltimore, ilipokuwa safi kiasi cha kutumika, ndipo Willem Kolff akaweza kujenga mashine yake huko Kampen, Uholanzi, katikati ya vita na chini ya utawala wa Wajerumani, na kuanza kuwasafisha wagonjwa mwaka 1943. Hata hivyo, kila mara alihitaji mshipa mpya. Belding Scribner wa Seattle aliunganisha mshipa wa kupeleka na wa kurudisha damu kwa bomba la plastiki mwaka 1960, na bomba hilo lilikuwa likiganda kila mara. Mwaka 1966 James Cimino, Michael Brescia na wenzao wa New York waliacha plastiki kabisa: waliunganisha mishipa ya mgonjwa mwenyewe chini ya ngozi ya mkono. Hadi leo hakuna njia iliyoishinda.

Na hadi leo wagonjwa wengi wa kwetu hawaanzi nayo. Wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, figo zimekwisha, na suluhisho la siku hiyo ni katheta shingoni au kinenani. Katheta ni kitu kigeni ndani ya mshipa mkubwa: inagandisha damu ndani yake, inagandisha damu pembeni yake, inaingiza vijidudu, na ikikaa miezi huacha kovu linalobana mshipa hadi mkono mzima na upande wa uso unavimba. Mshipa uliozibwa na katheta ya leo ndio uliohitajika kwa ule uunganisho wa mkono mwaka ujao. Mtu ambaye kreatinini yake imeanza kupanda anapaswa kukataa kwa adabu kuchomwa sindano na kuwekewa drip kwenye mkono wake usiotumika sana, miaka mingi kabla ya kusikia neno mashine. Nimeona ushauri huu ukitolewa kwa wagonjwa walioelimika pekee, kana kwamba mkulima hana mishipa ya kutunza.

Aliyekwisha kuunganishwa mishipa ana kazi ya kila siku isiyozidi dakika moja: kuweka vidole juu ya kovu na kuhisi mtetemo. Mtetemo ukipotea asubuhi, aende siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge jipya linaweza kutolewa na la wiki nzima mara nyingi haliwezi. Presha isipimwe kwenye mkono huo, asiulalie, asiubebeshe ndoo. Na kuna kosa moja la kituo cha kusafishia damu chenyewe: kumvuta mgonjwa maji mengi kupita kiasi kwa sababu alikosa kikao kilichopita. Presha inaanguka, damu inapungua mwendo mkononi, na uunganisho uliogharimu miezi unaganda usiku ule. Mgonjwa anayekosa vikao kwa kukosa nauli au ada anapoteza zaidi ya kikao.

Somo lingine la upande huu lilikuja kwa gharama kubwa. Wagonjwa wa figo hupungukiwa damu kwa sababu figo ndiyo inayotoa homoni ya kutengeneza chembe nyekundu, na sindano za homoni hiyo zilipopatikana ilionekana jambo la busara kuipandisha damu hadi kiwango cha mtu mwenye afya. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2009, kwa watu wenye kisukari na figo dhaifu zaidi ya 4,000, lilionyesha kiharusi kikikaribia kuongezeka mara mbili kwa waliopandishwa damu hadi gramu 13 kwa desilita. Ndiyo maana mgonjwa anayelalamika kwamba daktari amesimamisha sindano wakati damu yake ni 11 tu anapaswa kuelezwa, maana kwa macho yake anaonekana ameachwa nusu ya njia.

Tukifika kwenye dawa za kuzuia kuganda, tofauti ya figo inayovuja na figo iliyochoka inakuwa suala la uhai. Heparini haifanyi kazi yenyewe. Inaiongezea nguvu antithrombini. Mgonjwa wa nefrotiki aliyeimwaga antithrombini yake kwenye mkojo anaweza kupewa dozi ya kawaida na isifanye chochote cha maana, na anayemhudumia akadhani dawa ni bandia. Enoksaparini, sindano ya chini ya ngozi inayotumika sana sasa, hutolewa mwilini na figo: kwa mgonjwa wa nefrotiki mwenye kreatinini nzuri inafaa, kwa mgonjwa ambaye figo zake zinachuja chini ya mililita 30 kwa dakika hujirundika, na dozi isipopunguzwa hugeuka chanzo cha kutoka damu. Dawa ile ile, wodi ile ile, kitanda kinachofuata.

Wafarini ilitokana na ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani ya malisho yaliyooza; ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Wagonjwa wanaonong'onezana kwamba wanapewa sumu ya panya hawajadanganywa. Ni ya bei nafuu na haitegemei figo kutolewa, lakini hubebwa na albumini kwenye damu, hivyo albumini ikipanda na kushuka nguvu yake inayumba. Inahitaji kipimo cha INR, kinachoonyesha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, kikibaki kati ya 2 na 3, na hapo ndipo anayeishi kilomita mia kutoka hospitali ya rufaa anapokwama. Huzidishwa nguvu na metronidazoli na kotrimoksazoli, hupunguzwa nguvu na rifampisini ya kifua kikuu, dawa tatu ambazo hazikosekani katika duka lolote au kliniki yoyote ya kwetu. Kuhusu mboga, mgonjwa huambiwa aache mchicha, kisamvu na matembele, wakati mboga za majani ndizo chakula chake cha kila siku. Ushauri ulio sahihi ni kula kiasi kile kile kila wiki na dozi ipangwe kwa kufuata sahani yake. Kwa mwenye figo iliyochoka wafarini ina ubaya wa ziada: huchangia chokaa kujijenga kwenye mishipa.

Dawa mpya za vidonge zisizohitaji INR ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Nazo hazifanani. Dabigatrani hutolewa na figo kwa asilimia 80 hivi, apiksabani kwa chini ya 30. Kumpa mgonjwa wa figo dabigatrani badala ya apiksabani kwa sababu ndiyo iliyoko stoo si jambo dogo. Na kwa mgonjwa wa mashine ambaye moyo wake unapiga ovyo, swali la kama atanufaika na dawa yoyote kati ya hizi bado halijajibiwa: majaribio mawili yaliyochapishwa kati ya 2022 na 2023, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yote yalimalizika na wagonjwa wachache mno kuweza kuamua.

Linabaki swali gumu kuliko yote, la nani apewe dawa kabla bonge halijaonekana. Hapa namba moja inabeba uzito mkubwa, nayo ni albumini ya damu. Katika kundi la wagonjwa 898 wa membranasi wa Marekani na Kanada, lililochapishwa mwaka 2012, asilimia 7.2 walipata bonge lililojitokeza kwa dalili. Hatari ilianza kupanda albumini iliposhuka chini ya gramu 28 kwa lita, na kila gramu 10 zilizopotea ziliizidisha hatari zaidi ya mara mbili. Uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2008, kwa wagonjwa 298 wa nefrotiki za aina mbalimbali, ulionyesha jambo la pili: miezi sita ya kwanza ndiyo mibaya, hatari ikiwa mara kadhaa ya ile ya miaka inayofuata. Kwa hiyo mgonjwa mpya, mwenye albumini ya 18, aliyevimba na kulala, ni mtu tofauti kabisa na yule wa mwaka wa tatu mwenye albumini ya 29 anayeendesha bodaboda.

Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, ule wa KDIGO, wa mwaka 2021 unashauri kufikiria dawa ya kinga albumini inapokuwa chini ya 20 hadi 25 na kuna kitu kingine kinachoongeza hatari, kama unene, upasuaji, kulala muda mrefu au kushindwa kwa moyo, na hatari ya kutoka damu iwe ndogo. Kwa wanawake inaongezeka swali la vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo mwenye nefrotiki hapaswi kuvimeza. Mwongozo huo huo una onyo ambalo maabara zetu zingepaswa kulibandika ukutani. Albumini hupimwa kwa rangi moja kati ya mbili, ya kijani au ya zambarau, na ile ya kijani husoma juu zaidi: 25 ya kijani ni sawa na 20 ya zambarau. Daktari asiyejua maabara yake inatumia rangi ipi anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa aliyekwisha vuka mstari.

Yote haya yanatokana na kuwafuatilia wagonjwa, kwani hakuna jaribio kubwa la kuwagawa kwa kura lililowahi kupima kinga hii. Kwa aliyekwisha pata bonge mjadala ni mfupi: hutibiwa kwa miezi sita au zaidi, na muda wote ambao figo bado inavuja. Dawa husimamishwa albumini ikipanda juu ya 30 na kubaki huko. Ugonjwa ukirudi, nayo hurudi. Mgonjwa anayerudiwa mara mbili kwa mwaka ataianza na kuiacha mara mbili, na kila mara kadi yake ya kliniki inatakiwa ionyeshe albumini ya siku ile.